Hermanus au Plettenberg Bay? Anza na mwezi, mji utajichagua wenyewe

"Habari za kazi. Mimi na mume wangu tunafikisha miaka kumi ya ndoa na tumeamua kwenda Afrika Kusini. Tumebaki na miji miwili, Hermanus na Plettenberg Bay, yote iko baharini na yote ina mashamba ya waini. Mume anapenda waini nyekundu nzito. Mimi nataka bahari, niogelee hadi nichoke. Tunaenda na watoto wawili, wa miaka 9 na 6, pamoja na mama mkwe ambaye ana miaka 68, magoti yanamsumbua, ana presha na hanywi hata tone. Tunatoka Nairobi likizo ya Agosti, usiku saba tu. Mume anataka Plett kwa sababu ya picha alizoona na anasema ni mwendo mfupi kutoka Cape Town. Mimi nimesikia Hermanus ni ya wazee na nyangumi basi. Tuchague upi, ama tugawanye, siku tatu huku na nne kule?"

Hongera kwa miaka kumi, na pole kwa mjadala, maana naona nyumbani kuna kambi mbili tayari na mama mkwe hata hajaulizwa. Swali lako nimelisoma mara mbili na ukiniuliza mimi, kinachowasumbua wala sio miji. Kuna mtu anataka kuogelea, kuna mtu anataka waini nzito, kuna watoto ambao kwao shamba la waini ni mahali watu wazima wanakaa wakiongea kupita kiasi, kuna mama anayehitaji kiti kizuri na kitu cha kutazama, halafu wote mmebanwa ndani ya Agosti. Nikupe jibu kwanza ndio nieleze. Kama ni Agosti nendeni Hermanus na msigawanye siku. Kama mnaweza kusogeza safari hadi Novemba watoto wakishafunga shule, hapo hesabu inageuka na mimi mwenyewe nitakwambia Plett, tena bila kusita.

Sasa tuanze na hiyo Agosti kwa sababu ndiyo inayowadanganya wengi. Watu wakisikia mji wa baharini wanajipigia picha ya Diani, maji vuguvugu, mchanga unaunguza nyayo. Kule Agosti ni baridi kabisa. Hermanus mchana inacheza kwenye nyuzi 17 hivi, usiku inashuka chini ya 10, na mvua zao kubwa zinakuja kipindi hichohicho maana ule upande wa magharibi wa Rasi, yaani Cape, unanyeshewa wakati wa baridi na kukauka wakati wa kiangazi. Plett ina unafuu kidogo, joto lake la mchana linapanda zaidi na mvua yake imesambaa mwaka mzima badala ya kurundikana msimu mmoja, lakini usije ukasema nilikwambia ni joto. Na nyumba za kule nyingi hazijajengwa kwa ajili ya baridi, kwa hiyo kabla hujalipia nyumba uliza kama kuna hita au sehemu ya kuwasha moto wa kuni, usione haya kuuliza, ukikaa na mama mwenye magoti mabovu kwenye nyumba ya sakafu ya vigae bila moto utajuta usiku wa kwanza tu.

Na maji je. Hermanus mwezi huo bahari iko kama nyuzi 15, Plett labda moja au mbili juu yake. Unaweza kuingia, ndio, kuna watu wanaingia na nguo za mpira za kuteleza mawimbi, ila hayo sio maji ya kuogelea hadi uchoke, ni ya kuingia ukapiga kelele ukatoka. Watoto wako watacheza mchangani na kukimbizana na mawimbi na watafurahi sana, wewe ndiye utakayeumia ukifika na ile picha kichwani.

Hapa kuna jambo wengi hawaelewi, na ukilielewa utachagua vizuri hata safari zijazo. Watu husema Afrika Kusini bahari mbili zinakutana Cape Town. Mpaka rasmi wa Atlantiki na bahari ya Hindi uko Cape Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya bara, na Hermanus iko magharibi ya hapo wakati Plett iko mashariki. Upande wa mashariki kuna mkondo wa maji ya moto unaoteremka kutoka kwenye tropiki kupitia pwani ya Msumbiji, ndio unaoipa Plett bahati yake. Wakati wa kiangazi, hasa Desemba hadi Machi, maji ya Plett yanafika nyuzi 20 na zaidi na hapo unaogelea kweli. Hermanus kiangazi kuna mchezo mwingine, upepo wa kusini mashariki ukivuma kwa siku kadhaa unasukuma maji ya juu yaende mbali na pwani na maji baridi ya chini yanapanda kujaza pengo, kwa hiyo unaweza kuwa na siku ya jua kali, mbingu ya bluu, halafu ukitia mguu unahisi ni friji. Ndio maana nasema watu wanaangalia jua kwenye picha na jua halisemi chochote kuhusu maji. Plett nayo haijasalimika kabisa, upepo wa mashariki ukishika joto la maji linaweza kuporomoka ghafla, ila kwa ujumla kama kuogelea ndio roho ya safari basi Plett inashinda, mradi uende mwezi unaofaa.

Na kwa kuwa wewe ni mwogeleaji acha niseme na hili, silifichi. Mwaka 2022 watu wawili waliuawa na papa Plett kwa nyakati tofauti. Sikutishi, maelfu wanaogelea pale kila msimu na kurudi kula chakula cha mchana, lakini ogelea mahali palipo na waokoaji na bendera, usiogelee alfajiri peke yako mbali na watu, na ukiona bendera inayokataza basi imekataza. Usibishane nayo.

Sasa kwa mume. Mwambie kwa upole kwamba Plett sio mwendo mfupi kutoka Cape Town. Ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara kuu ya N2, saa sita za gari na bado hamjasimama kukojolesha watoto wala kula. Hermanus ni kama kilomita 120, saa moja na nusu. Hiyo picha ya "mwendo mfupi" inatokana na ramani, kwenye simu pwani yote ya kusini inaonekana kama kidole kimoja. Njia ya busara ya kufika Plett ni kuruka hadi mji wa George kisha gari kama kilomita 100 kupitia Wilderness na Knysna, barabara nzuri na ya kupendeza kwelikweli, lakini hiyo ni ndege nyingine, mizigo mingine, na pesa nyingine mara watu watano.

Ndio maana nakataa wazo la kugawanya siku. Kutoka Hermanus hadi Plett ni zaidi ya kilomita 400. Usiku saba ukitoa siku ya kufika na siku ya kuondoka umebaki na siku sita hivi, ukitoa moja ya kuendesha gari siku nzima umebaki na tano, na hizo tano umezikata vipande viwili, kila mahali mnafungua mabegi kesho kutwa mnafunga. Nimewahi kupanga safari ya namna hiyo kwa familia moja kwa sababu walisisitiza, na waliporudi walichokumbuka zaidi ni vituo vya mafuta. Safari ya kugawanya inahitaji usiku kumi na moja, kumi kwa kujibana.

Haya, "Hermanus ni ya wazee na nyangumi basi." Kuhusu wazee sikatai, ni mji wa wastaafu wengi na saa tatu usiku kunakuwa kimya, na nyinyi mna mtoto wa miaka 6, kimya kina ubaya gani. Kuhusu nyangumi, hiyo "basi" iondoe. Agosti ndio mwezi wao. Nyangumi hawa wanatoka kwenye maji ya karibu na Antaktika kuanzia Juni hivi na kukaa hadi Novemba, wanaingia ghuba zilizotulia kama Walker Bay, ndiyo ghuba ya Hermanus, kujamiiana, kuzaa na kunyonyesha, na kati ya Agosti na Oktoba ndio wanakuwa wengi zaidi. Kinachoifanya Hermanus iwe tofauti na karibu kila mahali pengine ni umbo la pwani yenyewe, miamba inashuka moja kwa moja kwenye maji yenye kina, kwa hiyo nyangumi mwenye uzito wa tani arobaini na zaidi anaweza kusogea karibu sana na mahali ulipokaa na kikombe chako cha chai. Huhitaji boti. Huhitaji darubini. Mama mkwe anakaa kwenye benchi pale Gearing's Point, karibu na bandari ya zamani, amejifunga leso mabegani, na mnyama anamjia. Hebu niambie ni mji gani mwingine unamfanyia hivyo mtu ambaye hawezi kutembea sana.

Jina lao la Kiingereza, southern right, lina hadithi ya kusikitisha ambayo watoto wataipenda. Wawindaji wa zamani waliwaona kuwa ndio nyangumi "sahihi" wa kuwindwa, wanaenda polepole, wanakuja karibu na pwani, wana mafuta mengi na wakifa wanaelea. Walikaribia kuisha kabisa. Leo sheria inasema chombo cha kawaida kisiwasogelee chini ya mita 300, na boti zenye kibali tu ndizo zinaruhusiwa kufika mita 50. Mjini kuna mpiga mbiu wa nyangumi, kazi iliyoanza mwaka 1992, anatembea na pembe iliyotengenezwa kwa mwani wa baharini na kuipuliza kuwaambia watu nyangumi wameonekana upande gani. Mtoto wa miaka 6 akimwona huyo safari imeshalipa. Niseme ukweli pia, miaka haifanani. Kawaida jike huzaa kila baada ya miaka mitatu, na miaka ya karibuni wengine wamekuwa wakichelewa zaidi, inaonekana chakula kule kusini kinabadilika, kwa hiyo kuna msimu wanajaa na kuna msimu ni wachache. Mkikaa usiku nne au tano Agosti kuwakosa kabisa itakuwa bahati mbaya ya ajabu, mkienda kwa siku moja ya haraka lolote linawezekana.

Kuna njia ya miguu inayofuata miamba kwa karibu kilomita 12 kutoka bandari mpya hadi ufuo wa Grotto. Hamtaitembea yote. Mnachukua vipande, vingine ni tambarare kabisa, mama anakaa benchi la kwanza nyinyi mnaendelea na watoto na kurudi.

Tuje kwenye waini maana naona ndio moyo wa bwana. Nyuma ya Hermanus, ukishika barabara ya R320 inayoelekea Caledon, ndani ya dakika kumi unaingia bonde linaloitwa Hemel-en-Aarde, kwa Kiafrikana maana yake mbingu na dunia. Mwaka 1975 Tim Hamilton Russell, mtu wa matangazo ya biashara kutoka Johannesburg, alinunua shamba pale akiwa na wazo ambalo wengi walimwona hana akili nzuri, kwamba sehemu hii ya baridi karibu na bahari inaweza kuzaa zabibu za Pinot Noir na Chardonnay kama zile za Burgundy, Ufaransa. Wakati ule kulikuwa na mfumo wa vibali uliosema wapi mizabibu ya biashara iruhusiwe na wapi isiruhusiwe, na bonde hili halikuwa kwenye orodha, akapambana nao, na waini yake ya kwanza ikatoka 1981. Vibali hivyo vilifutwa 1992 na wengine wakamiminika, shamba la Bouchard Finlayson lilikuwa limeshatangulia jirani yake mwaka 1989, wakaja Newton Johnson, Ataraxia, Creation kule juu kwenye mgongo wa mlima, na wengine wengi. Leo bonde limegawanywa rasmi sehemu tatu, la chini, la juu na la mgongoni, na ukipanda kutoka moja hadi nyingine waini inabadilika kweli mdomoni, sio maneno ya kwenye lebo.

Kwa nini hapo? Pinot Noir ni zabibu yenye ngozi nyembamba na isiyopenda joto, ikiiva haraka inapoteza harufu yake na kugeuka jemu. Upepo baridi wa bahari unapanda bonde kila alasiri, zabibu zinaiva taratibu, uchachu unabaki, na udongo wenye mfinyanzi unashika maji wakati wa kiangazi kikavu. Hapo pia niondoe uvumi mmoja ambao nausikia kila mara, eti waini ya karibu na bahari ina chumvi kwa sababu ya hewa. Hakuna mtu anayekunywa chumvi ya baharini kwenye glasi, kazi kubwa ya bahari hapa ni kupoza.

Lakini umesema mume anapenda nyekundu nzito, na hapa lazima niwe mkweli kabla hajalipa. Pinot Noir haitakuwa nzito. Rangi yake ni hafifu, unaona vidole vyako ng'ambo ya glasi, na mtu aliyezoea Cabernet, ile nyekundu nzito, akionja mara ya kwanza anadhani wamemtilia maji. Hafifu ya rangi sio udhaifu, ila inataka mtu apunguze kasi, aonje na chakula, aipe dakika kumi hewani. Akishindwa kabisa kuna Pinotage, zabibu ya Afrika Kusini yenyewe, ilizaliwa Stellenbosch mwaka 1925 pale profesa Abraham Perold alipochanganya Pinot Noir na Cinsault, na kwenye bonde hilohilo kuna shamba linaitwa Southern Right, jina la nyangumi wetu, wanaitengeneza vizuri. Hiyo itamshika. Na kama roho yake iko kwa Cabernet tu basi mpe siku moja Stellenbosch mkiwa Cape Town, ni kama kilomita 50, huko atakutana na vitu vyake na hamtanuniana.

Plett ni hadithi tofauti kabisa. Mizabibu ya kwanza pale ilipandwa mwaka 2000 tu kwenye shamba la Bramon, eneo la The Crags mashariki ya mji, na wengi walishangaa kwa sababu sehemu inayonyeshewa mwaka mzima ina unyevunyevu na unyevunyevu unaleta ukungu kwenye zabibu. Suluhisho lao lilikuwa la akili, wakapanda zabibu nyeupe kama Sauvignon Blanc na kuzichuma mapema zikiwa bado na uchachu mkali, kitu ambacho ndicho hasa unachohitaji kwa waini ya povu. Kwa hiyo Plett imejijengea jina kwa Cap Classique, yaani povu linalotengenezwa ndani ya chupa kwa kuchachusha mara ya pili, njia ileile ya champagne. Mashamba ni machache na madogo, mengi ya familia, unakaa nje na sahani ya vitu vya kutafunatafuna watoto wanakimbia. Ni mahali pazuri pa kunywa, nimekaa huko alasiri nzima nikasahau ratiba. Ila mpenzi wa nyekundu nzito atafanya nini hapo? Atapewa povu jeupe na kutabasamu kwa adabu.

Wala simdharau Plett, nataka uelewe. Kama mngekuwa mnaenda katikati ya Novemba ningekupanga hivi, ndege hadi George, nyumba karibu na ufuo wa Robberg, asubuhi moja kwenye hifadhi ya Robberg ambapo njia fupi kabisa ni kilomita 2 na kidogo na unaona sili wakiota jua chini ya miamba (ile ndefu ya kilomita 9 waachie wenye miguu, na pale ncha yake mawimbi yanapanda ghafla, sio ya watoto), siku nyingine Birds of Eden na Monkeyland, moja ya ndege na moja ya nyani, watoto hawatataka kutoka, na siku nyingine hifadhi ya Tsitsikamma kwenye daraja la kamba la Storms River lenye mita 77 kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Mume akitaka kuthibitisha bado ni kijana kuna lile daraja la Bloukrans wanakojirusha na kamba mita 216, mimi nilisogea nikachungulia nikarudi kwenye gari. Epuka tu mwisho wa Novemba na mwanzo wa Desemba wanafunzi waliomaliza sekondari wanapomiminika mjini kusherehekea, na kuanzia katikati ya Desemba hadi wiki ya pili ya Januari, bei zinapaa na foleni inaanza barabarani kabla hujaona bahari.

Sasa Agosti yenu ningeipanga hivi. Usiku mbili za kwanza Cape Town, mpumzike, mume apate Stellenbosch yake. Halafu usiku tano Hermanus. Siku ya kwenda msipite N2 moja kwa moja, kama mvua haijakaza chukueni barabara ya R44 kutoka Gordon's Bay, inakumbatia bahari hadi Betty's Bay ambapo pale Stony Point kuna koloni la pengwini, njia imejengwa kwa mbao na mama anaweza kwenda polepole, watoto wanapata pengwini kabla ya nyangumi na safari inakatika katikati. Hermanus siku mbili za waini, sio mfululizo, mashamba mawili kwa siku au matatu yakizidi, na moja liwe la chakula cha mchana kirefu. Pigeni simu au andikeni mapema, wakati wa baridi baadhi hupunguza masaa na Jumapili sio zote zinafungua. Siku zilizobaki ziacheni wazi, kwa sababu hali ya hewa ya Agosti ndiyo itakayopanga, siku ya jua ni ya miamba na nyangumi, siku ya mvua ni ya waini na moto. Mtu akifunga ratiba yote kabla hajafika atajikuta ameketi ndani ya chumba cha kuonja mchana wenye jua kali kuliko zote wiki hiyo, nyangumi wakirukaruka bila yeye.

Kuhusu gari, wanaendesha kushoto kama nyumbani, hiyo sio shida. Shida ni kuonja na kuendesha. Kikomo chao kwa dereva wa kawaida ni gramu 0.05 za pombe kwa mililita 100 za damu, na kuonja glasi tano sita ndogo kwenye mashamba mawili kunakufikisha hapo bila kujijua. Kuna ndoo ya kutemea kwenye kila meza na hakuna anayekucheka ukiitumia, wataalamu wote wanatema. Au kodisheni dereva kwa hizo siku mbili. Usimpangie mama mkwe udereva kwa sababu tu hanywi, naona kabisa mtu anaweza kupata wazo hilo.

Na kwa mama, hapa mimi sio mtu wa kumalizia. Boti ya nyangumi Agosti inaweza kurusha watu vibaya, magoti na mgongo vinagongwa, na dawa nyingine za kuzuia kichefuchefu hazipatani na kila dawa ya presha. Kabla hamjalipia boti aende akamwone daktari wake ana kwa ana, amwambie kuhusu ndege ndefu, baridi na boti, daktari aamue, sio mimi wala sio jirani. Ningekuwa mimi ningemwacha kwenye benchi na wengine mpande, wala hatakuwa amepunjwa, kuna siku walio kwenye benchi wanaona zaidi ya walio kwenye boti.

Makaratasi kidogo. Kwa pasipoti ya kawaida ya Kenya huhitaji viza kwa kukaa hadi siku 90 kwa mwaka, tangu Januari 2023, ila bebeni cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa kila mtu, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vyenye majina ya wazazi wote wawili. Kama mmoja wenu ataghairi dakika ya mwisho na mwingine asafiri na watoto peke yake, hapo nendeni ubalozini au kwa mtu wa safari mnayemwamini ofisini kwake mkaulize kuhusu barua ya ridhaa, msiishie kuuliza watu mtandaoni.

Mwisho, mume atataka kurudi na chupa. Kila mtu mzima anaruhusiwa kuingia Kenya na lita 2 za waini bila ushuru, yaani chupa mbili za kawaida na nafasi kidogo inabaki. Mama naye ni mtu mzima. Mwombeni vizuri, na chupa zifungwe kwenye sweta ndani ya begi la chini, sio la mkononi.